Milango ya Bomu Ibaki Wazi

Wiki mbili zijazo, kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi, kutakuwa na meza moja yenye ndege ya rangi ya fedha, upana wake karibu sentimita 90 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Ni modeli ya B-29, ile iliyoitwa Enola Gay, kwa skeli ya 1/48. Tumeijenga watu wanne wa hosteli moja kwa miezi mitano, tukiiba muda kati ya vipindi na majaribio. Waandaaji wa maonyesho wameipokea vizuri, ila wametoa ushauri mmoja: tufunge milango ya mabomu, na kibao cha maelezo kitaje upana, injini, kasi na mwaka. Basi. Tusiingize siasa. Upande wa pili yupo mshkaji wetu anayesoma sosholojia ambaye hataki hata ndege yenyewe iwekwe. Kwake yeye, sisi ni watu waliokula bumu la serikali kumpamba muuaji.

Nataka kuwajibu wote wawili hapa, maana naona wote wamekosea, tena kosa lao ni moja.

Nianze na mshkaji. Asiyewahi kujenga modeli kubwa anadhani ni mchezo wa kugundisha vipande. Boksi linakuja na plastiki ya kijivu, vipande vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu zake. Unakata kimoja kimoja, unasugua kovu lilipokuwa, unajaribisha bila gundi kwanza. Kiwiliwili cha ndege kinakuja nusu mbili, kushoto na kulia. Ukishaziunganisha, mshono unapita mgongoni na tumboni kuanzia puani hadi mkiani, zaidi ya sentimita 60 juu na 60 chini, na ndege ya kweli haina mshono huo. Kwa hiyo unapiga puti, unasubiri ikauke, unasugua kwa msasa wa maji namba 400, halafu 600, halafu 1000, mpaka 2000. Ukisugua sana unafuta mistari ya mabati na ribiti, itabidi uichonge upya kwa sindano na rula. Wiki mbili ziliishia hapo, na mwisho wake hakuna cha kuonyesha mtu, maana mshono uliofanyiwa kazi vizuri haujulikani kama uliwahi kuwepo.

Halafu kuna suala la uzito. B-29 ina magurudumu puani na chini ya mabawa, na nyuma yake ni mkia mrefu. Usipoweka uzito mbele, modeli inakaa kwa makalio kama mbwa. Shida ni kwamba pua yote ni vioo, ukijaza kitu pale kinaonekana. Tulikwenda Feri kununua chubwi za wavuvi, tukazigonga nyundo zikawa bapa, tukazificha chini ya sakafu ya chumba cha marubani na nyuma ya ukuta wake. Sasa inasimama. Ukiinyanyua unashangaa kichwa kilivyo kizito.

Kazi ya namna hii inakulazimisha kuijua ndege kwa vidole. Unagundua kwamba vyumba vya watu, mbele na nyuma, vilijazwa hewa ili wahudumu wapumue kawaida angani juu, lakini sehemu ya mabomu katikati haikujazwa, kwa hiyo waliunganisha vyumba hivyo kwa njia nyembamba kama bomba, mtu apite akitambaa juu ya mabomu. Unapaka rangi injini, silinda 18 kila moja, safu mbili za tisa tisa zilizobanana, na unaelewa bila kuambiwa kwa nini safu ya nyuma ilikosa hewa ya kuipoza na kwa nini injini zile zilikuwa na sifa mbaya ya kuwaka moto. Februari 1943 ndege ya majaribio ya aina hii iliwaka moto ikiwa Seattle na kuanguka juu ya kiwanda cha nyama. Rubani wake Eddie Allen na wote waliokuwa ndani walikufa, na watu wa kiwandani pia. Mradi wa B-29 uligharimu pesa nyingi kuliko mradi wa bomu la atomiki lenyewe. Mtu wa mwaka wa kwanza uhandisi atajifunza hapa kuliko kwenye slaidi 80 za kipindi cha saa moja asubuhi.

Lakini Enola Gay haikuwa B-29 ya kawaida, na hapa ndipo waandaaji wetu wa maonyesho wangepaswa kukaa na sisi siku moja pale mezani. Boksi lina minara minne ya bunduki, miwili ya mgongoni na miwili ya tumboni. Kwa Enola Gay unaitupa yote na kuziba matundu, kwa sababu ndege ya kweli ilivuliwa bunduki hizo, zikabaki za mkiani tu, ili ipungue uzito na ipande juu zaidi. Mapangaboi yake ni ya aina nyingine, yanayoweza kugeuza msukumo kusaidia ndege kusimama inapotua. Milango ya mabomu ilibadilishwa ifunguke na kufunga upesi kwa nguvu ya hewa. Ukifuata michoro, kila badiliko linakuuliza: kwa nini hivi? Na jibu la yote ni bomu moja lenye uzito wa kilo zaidi ya 4,000. Kila kilichoondolewa na kila kilichoongezwa kilifanyika ili bomu lile libebwe, lidondoshwe, na waliolidondosha wapate muda wa kukimbia.

Sasa eti tufunge milango! Maana yake tuonyeshe mabadiliko yote, tufiche sababu yake. Kama ni B-29 yoyote, sawa, tungeacha minara ya bunduki mahali pake na kuipa jina lingine. Ukishaandika ENOLA GAY chini ya dirisha la rubani, ukaweka R ndani ya duara mkiani na namba 82 ubavuni, umeshasema ni ndege ipi na ni siku gani. Jina lenyewe, ambalo ni la mama yake rubani Paul Tibbets, lilipakwa tarehe 5 Agosti 1945. Hiroshima ni kesho yake asubuhi. Modeli yenye jina hilo haina siku nyingine ya kusimamia.

Niseme kitu kuhusu rangi, maana ndiyo inayowavuta watu. Kila anayeingia chumbani kwetu anasema, duh, nzuri. Ni nzuri kweli, na sitajifanya sioni. Ndege hizi hazikupakwa rangi. Aluminiamu iliachwa wazi kwa sababu rangi ni uzito na uzito ni mafuta. Sisi tumetumia mwezi mzima kupaka rangi plastiki ili ionekane haijapakwa rangi. Kwanza praima, halafu nyeusi ya kung'aa, ndipo unapuliza aluminiamu nyembambanyembamba juu yake. Nyeusi ikiwa na kijichembe kimoja cha vumbi, fedha itakitangaza. Na hosteli, mnajua wenyewe, kuna vumbi, kuna mtu anakaanga mayai, kuna feni. Tulikuwa tunapuliza saa tisa usiku, sakafu imemwagiwa maji. Kisha unabandika tepu ya karatasi bati kwa bati na kupuliza fedha nyingine iliyokolea kidogo, kwa sababu mabati ya ndege ya kweli hayakulingana mng'ao. Mwisho wa yote unapata kitu kinachoshika mwanga wa dirisha kama samaki.

Huo uzuri ndio hoja ya mshkaji wa sosholojia, na hapo simbishii. Kitu kinachong'aa kinakufanya usahau kuuliza. Ila dawa yake ya kuificha ndege ni ile ile ya waandaaji wanaoficha bomu: wote wanataka vitu hivi viwili visikutane kwenye meza moja. Mmoja anatoa ndege, mwingine anatoa bomu, na mtazamaji anakwenda zake bila kusumbuliwa.

Ugomvi huu si wetu wa kwanza. Enola Gay yenyewe ipo hadi leo. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilianza kuikarabati Desemba 1984, kazi iliyokula saa zipatazo 300,000. Mwaka 1995, miaka 50 baada ya vita, jumba lao la ndege kule Washington lilipanga kuonyesha sehemu ya mbele pamoja na historia nzima: kwa nini bomu lilitumika, lilifanya nini, na vitu vya wahanga, likiwemo kontena la chakula cha mchana la mwanafunzi likiwa limeungua pamoja na chakula chake. Vyama vya wanajeshi wa zamani vilikuja juu, wabunge wakaingia, maandishi yakarekebishwa tena na tena, na Januari 1995 mpango ukafutwa. Mei yake mkurugenzi wa jumba, Martin Harwit, akajiuzulu. Kikaonyeshwa kipande cha ndege na maelezo machache yasiyomuudhi mtu. Mwaka 2003 ndege nzima ikawekwa kwenye jengo lao jipya Virginia, na kibao kikaeleza ubora wake wa kiufundi na kwamba ilidondosha bomu la kwanza la atomiki lililotumika vitani. Idadi ya waliokufa haikutajwa. Wanahistoria walipinga, manusura wa Hiroshima walisafiri hadi pale kupinga, na siku ya ufunguzi mtu alirusha chupa ya rangi nyekundu, ikabonyeza bati moja.

Kwa hiyo mtu anapotuambia tuandike upana na injini tu ili kukwepa siasa, ajue kwamba kibao cha namna hiyo kimeshajaribiwa, na watu walikiona kuwa ni siasa tupu.

Hapa nije kwenye hoja yangu yenyewe, ambayo ni ya kimodeli kabisa. Sisi wajenzi tunajivunia usahihi. Tunagombana kuhusu milimita moja ya ribiti. Tunagawa kila kitu kwa 48. Sasa mbona tunaacha kugawa tukifika kwenye milango ya mabomu? Skeli haiishii kwenye bawa. Twende nayo.

Bomu lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 71. Kwenye modeli yetu ni sentimita 6 na kitu, unene sentimita moja na nusu, kama betri mbili ndogo za rimoti zilizofungwa pamoja. Tumelichonga kwa kijiti cha mbao. Ndani ya bomu la kweli kulikuwa na uraniamu kilo 64 hivi. Uraniamu ni nzito mno, kilo 64 ni lita tatu na nusu tu, na kwa skeli yetu hiyo ni sawa na punje moja nono ya mchele. Lilidondoshwa kutoka mita zipatazo 9,450. Kwetu ni mita 197. Lililipuka mita 580 juu ya mji, kwetu mita 12, urefu wa jengo la ghorofa nne. Majengo yalifutwa kwa umbali wa kilomita 1.6 kila upande, kwetu mita 33. Ukichora duara hilo meza ya ndege ikiwa katikati, linameza ukumbi wote wa maonyesho, linatoka nje na kufika kwa mama ntilie. Wimbi la mlipuko lilipoifikia ndege, Tibbets alikuwa ameshakimbia kilomita 18 na nusu, kwetu mita 385. Kisiwa cha Tinian walikoruka, ukipunguza hivyo hivyo, kipo kilomita 52 kutoka mezani, yaani ukitokea katikati ya Dar ungekuwa umeshapita Kibaha.

Na watu. Kwenye boksi kuna vijisanamu vya wahudumu, kila kimoja sentimita tatu na nusu, tumewapaka hadi mikanda. Siku ile Enola Gay ilibeba watu 12. Makadirio ya mji wa Hiroshima ni kwamba hadi mwisho wa 1945 walikufa watu wapatao 140,000. Kwa skeli yetu, mtu mmoja bega hadi bega ni sentimita moja hivi. Wapange bega kwa bega, mstari unakwenda kilomita 1.4. Anayetaka kuujua urefu huo atembee kutoka maktaba hadi getini na kurudi akiwa anatazama chini.

Hayo ni maelezo ya ndege. Ni vipimo, kama upana wa bawa ulivyo kipimo.

Kuna kipimo kingine ambacho kinatuhusu sisi tunaosoma gazeti hili kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mawe yake yalikuwa ya ajabu: mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya uraniamu, wakati migodi mingi duniani hata asilimia moja haifiki. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, zikawekwa ghalani Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua na kuagiza nyingine. Waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono walikuwa Waafrika, na lugha ya kazi kwenye migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Yaani punje yetu ya mchele ilipita kwenye mikono ya watu walioambiana "leta", "beba", "weka hapa" kwa lugha hii hii. Baada ya vita Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani, na kuna madini ya uraniamu yaliyopewa jina lake, sengierite. Wachimbaji hawana jiwe. Mgodi ulikuja kufungwa, wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Sasa kuna watakaosema, na wameshasema, kwamba nikiandika wafu 140,000 niandike pia kwa nini. Sawa kabisa, tuandike. Japani ilikuwa imevamia China, Korea ilikuwa chini yake, na Wakorea maelfu walikuwa Hiroshima siku ile ile, wengine wamepelekwa kwa lazima. Babu zetu wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana na jeshi la Japani kwenye matope ya Burma mwaka 1944, na askari aliyekuwa kule Agosti 1945 alipata habari za vita kwisha kwa furaha ambayo mimi sina haki ya kumnyang'anya. Wanaosema bomu lilifupisha vita wana hoja zao, wanaosema Japani ilikuwa tayari inayumba wana zao, na wanahistoria hawajamaliza. Meza yetu haitamaliza ubishi huo. Lakini pande zote mbili zinabishana juu ya watu waliokufa, na hakuna upande unaohitaji wafu wafichwe ili hoja yake isimame. Anayehitaji hivyo nina wasiwasi na hoja yake.

Kwa hiyo ombi letu kwa waandaaji ni hili, nasi tumeshaliwasilisha kwa maandishi. Milango ya mabomu ibaki wazi, bomu lionekane ndani. Kibao kiwe na upana, injini na mwaka kama walivyotaka, halafu vipimo vingine nilivyotaja hapo juu, kwa mpangilio ule ule na herufi za ukubwa ule ule. Chini ya ndege, kwenye kisahani, punje ya mchele iliyopakwa nyeusi, na neno Shinkolobwe. Mshkaji wa sosholojia tumemwomba aandike aya ya Hiroshima yeye mwenyewe; amegoma mara mbili, mara ya tatu akauliza aya iwe na maneno mangapi.

Kilichobaki ni duara la mita 33. Chaki tunayo, kamba tunayo, na tumepima: litapita katikati ya meza ya klabu ya ujasiriamali, chini ya ngazi, hadi kwenye mabenchi ya mama ntilie. Mama amekubali tuchore, mradi tusimwagie vumbi la chaki kwenye vitumbua. Ruhusa ya ukumbi bado hatujajibiwa.